Bibi, Vizibo Vimechanganyika

Bibi yangu, mke mwenzangu,

Shikamoo.

Nimeandika shikamoo halafu nikaiinua kalamu, nikangoja. Mazoea. Ulikuwa unaitika "marahaba" ukiivuta huku unanicheka, ukisema sauti yangu ya kuamkia ni ya panya aliyenaswa kwenye debe la unga. Leo nimeisema kwa sauti, hapa hapa kizingitini pako, na hakuna aliyeitika. Kuku wako mweupe tu ndiye aliyeinua shingo, akaniona ni mimi, akaendelea kuparura.

Nakuandikia kwa sababu naogopa. Kusema siwezi, unanijua. Mbele ya watu maneno yananipotea. Kwenye karatasi ninathubutu kidogo. Na kuna jambo nimelifanya nyumbani kwako ambalo lazima ulisikie kwangu, usije ukaletewa na watu.

Kwanza habari za hapa. Wagonjwa bado wanakuja, Bibi. Nilidhani wataacha. Tangu ulipozikwa hakujapita hata siku moja bila mtu kubisha hodi, na wengine wanatoka mbali, hawakusikia. Wakiambiwa wanakaa chini, wanalia, wanafuta machozi, halafu wanasema, "Sasa na huu mgongo wangu je?" Mama amechukua kazi ya kuchua. Mikono yake ni mizito kuliko yako na wazee wanapiga kelele, lakini wanarudi. Mimi nawafukiza wenye mafua na kifua, kwa yale majani ya mkaratusi, nawafunika blanketi lako lile la mistari. Kazi hiyo naipenda, kwa kuwa mgonjwa akishafunikwa hanioni, nami simwoni.

Mjomba Gaspari, huyo mwanao, siku akitoka kazini stesheni anakuja moja kwa moja hapa. Amechonga kibao cha mninga akakitundika mlangoni, akaniagiza niandike huduma zote za nyumba, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, "ili hata Bwana Shauri wa serikali akipita ajue hapa hapapigwi ramli, hapa ni dawa tu." Nikaandika: Kuchua. Kufukiza. Kunyoosha mifupa. Vidonda. Dawa ya tumbo. Kwa Kiingereza nilikwama kwenye kufukiza, masista wa shule hawajatufundisha neno lake, nikaweka maneno marefu yanayozunguka zunguka. Mjomba alisimama mbali akakitazama kibao chake kama bwana harusi. Na chini kabisa, bila kuniuliza, akaongeza kwa mkaa: "Kwa Kalunde, mjukuu wa Kalunde."

Hapo ndipo hofu yangu ilipoanza. Kumbe mtu ukipewa jina la bibi yako unapewa na wagonjwa wake.

Sasa nakuja kwenye vibuyu vya dawa.

Siku ya kuondoa matanga, Mama Mkubwa Tereza na wanawake wa Chemchem waliisafisha nyumba yako. Waliifanya kazi hiyo kwa upendo, Bibi, usiwakasirikie. Walikandika kuta, wakapaka udongo mweupe, wakachoma mkeka wako. Mimi nilitumwa kisimani. Niliporudi na ndoo kichwani nikakuta vibuyu vyako vyote, vile vilivyoning'inia juu ya jiko tangu sijazaliwa, vimepangwa uani juani, vimefutwa masizi, vinang'aa kama vichwa vya watoto walionyolewa. Na vizibo vyake vimeoshwa, vimelundikwa kwenye ungo mmoja.

Kwenye ungo mmoja, Bibi. Magunzi na matambara pamoja.

Mama Mkubwa alikuwa anaimba wimbo wa kanisani, anachukua kibuyu, anachukua kizibo chochote kinachoenea, anaziba. Angejuaje? Hukumwambia mtu. Ni mimi tu niliyekaa nawe nikitwanga, ukaniambia: "Gunzi ni la kunywa, tambara ni la ngozi. Ngozi ina mlango wake na tumbo lina mlango wake, mke mwenzangu. Ukikosea mlango umeua." Nikauliza kwa nini usitie alama nyingine ya wazi, ukacheka: "Mwizi naye ana macho."

Nilimwambia Mama siku ile ile. Akasema, "Utazijua kwa harufu, si umekulia humo?" Nikajaribu. Zote zinanukia moshi wa jiko lako. Nikajaribu kwa macho. Zote ni unga, huu wa kahawia, huu wa kahawia zaidi. Shuleni nimefundishwa kila kitu kina majina mawili, la kwetu na la Kiingereza. Lakini kwa unga ule uliokuwa kiganjani mwangu sikuwa na jina hata moja. Nikavirudisha juu ya jiko nikaomba Mungu watu waje na migongo tu, na mafua.

Wakaja hivyo kwa muda. Halafu akaja Mama Zuhura.

Unamkumbuka, yule wa Ipuli anayeuza vitumbua, ambaye wanawe wote uliwatibu wewe. Alikuja Jumamosi, jua limeanza kuwaka, amembeba Zuhura mgongoni. Mtoto alikuwa ameharisha tangu juzi. Macho yameingia ndani. Nilimwita hakuitika, alinitazama tu kama mtu anayetazama ukuta.

"Nasikia bibi kaacha mrithi," Mama Zuhura akasema. "Nipe ile dawa yake, mwanangu. Hiyo hiyo aliyompa kaka yake Zuhura. Nimepita hospitali nikaona foleni imefika barabarani, nikasema hapana, nawahi kwa Kalunde."

Mjomba alikuwapo. Alikuwa na furaha, Bibi, furaha ya kweli. Aliona nyumba ya mama yake haijafa. Akanyoosha mkono juu ya jiko akateremsha kibuyu chenye gunzi, akakitia mikononi mwangu. Mama akaleta maji ya uvuguvugu kwenye kata. Watu waliokuwa wanangoja kuchuliwa wakasogea waone. Nikachota kijiko, nikakoroga. Kijiko kikalia kwenye kata, kengele kabisa.

Nilijua kwamba huenda ni dawa ya tumbo. Na nilijua kwamba huenda ni ile ya wapagazi.

Ulinisimulia mara nyingi: mama yako alivyokaa kando ya njia ya misafara, akiwangoja wapagazi wanaotelemka pwani na pembe za ndovu, mabega yamechubuka mpaka nyama nyekundu, nyayo zimepasuka. Akawapaka dawa hiyo, wakapona, wakaendelea. Na mpagazi mmoja aliyekuwa anaumwa tumbo aliinywa kwa siri, akidhani dawa nzuri ni nzuri popote. Hukuwahi kumalizia habari zake. Ulikuwa ukifika hapo unatwanga kwa nguvu zaidi.

Sasa nimeshika kata, na wote wananitazama. Na Mama Zuhura akasema lile neno nililokuwa nimelisahau kwa hofu:

"Haya onja, mwanangu."

Kwa nyumba hii ndivyo ilivyo. Kwanza mdomo wa mganga, halafu wa mgonjwa. Hukumpa mtu dawa kabla hujainywa mbele yake, hata zile chungu, ulikunja uso mpaka watoto wakacheka na woga wao ukaisha. Watu wa Tabora hawakunywa dawa yako, Bibi, walikunywa ulichokwisha kunywa wewe.

Nikainua kata mpaka midomoni. Nikasikia moshi. Nikaona gunzi lile kwenye mkono wa Mjomba.

Sikuweza.

Midomo ilikataa kufunguka. Nilisimama hivyo, sijui muda gani, maji yananimwagikia kidevuni. Mama Zuhura alinitazama mimi, akaitazama kata, akamtazama mtoto wake. Halafu akamvuta Zuhura kifuani polepole, kama mtu anayemwondoa mtoto karibu na nyoka.

"Hajui," akasema.

Mjomba akang'aka, "Anajua! Ana aibu tu, huyu tangu utotoni! Kunywa, Kalunde, usitutie haya!"

Nikasema, "Sijui." Ndilo neno pekee nililolipata, nami nilikuwa nalia. "Vizibo vimechanganyika. Sijui, Mjomba."

Nikaweka kata chini nikamchukua Zuhura. Mama yake alikuwa hana nguvu tena, alikuwa amembeba tangu Ipuli. Nikakimbia naye peku mpaka hospitali, mama yake nyuma yangu anaomba dua. Alikuwa mwepesi, Bibi. Mtoto wa umri ule hatakiwi kuwa mwepesi vile. Kwenye foleni niliona aibu yangu inarudi, watu wengi, wamesimama, wananitazama, nikafumba macho nikapiga kelele, "Huyu anakufa!" Sijawahi kupiga kelele maishani mwangu. Wakatupisha.

Wakamtia maji kwa mpira mkononi. Tulikaa naye mpaka jioni. Nilipoaga, Mama Zuhura aliniambia tu, "Bibi yako angeonja." Sikujua ananilaumu au ananishukuru, na mpaka leo sijui.

Niliporudi nyumbani hapakuwa na mtu. Kata ilikuwa pale pale nilipoiweka, na ile dawa ndani, na kibuyu chake kando. Nikakaa chini. Kisigino kilikuwa kinavuja damu, nimechomwa na mwiba njiani, wala sikuwa nimeusikia. Nikakumbuka goti langu, ile siku nilipoanguka kwenye mawe ya reli nikiwa mdogo, jinsi ulivyonishika nisitoroke ukasema, "Itauma kama moto, halafu itapoa kama maji ya mtungi. Ya wapagazi haidanganyi."

Nikachovya kidole ndani ya kata. Nikapaka kisiginoni.

Iliuma kama moto, Bibi. Halafu ikapoa kama maji ya mtungi.

Nilitapika pale pale, na nilikuwa sijanywa hata tone.

Hili ndilo jambo lenyewe nililotaka ulisikie kwangu. Kesho yake, baada ya misa, nilichimba shimo nyuma ya nyumba karibu na mipera. Kibuyu cha wapagazi nilikiweka pembeni, nikakivua gunzi, nikakifunga tambara. Vingine vyote nilivimwaga. Vyote. Dawa ya tumbo ilikuwamo humo, najua, na ya uzazi, na ya homa, na zile ambazo hukuwahi kuniambia ni za nini. Kila nilipoinamisha kibuyu nilisubiri kitu kinishike mkono. Nilisubiri sauti yako. Jua lilikuwa la mchana mweupe na bado nywele zilinisimama.

Mjomba alinikuta nimefika cha mwisho. Hakunipiga. Heri angenipiga. Alisimama ukingoni mwa shimo, ameshika kofia yake ya kazi, akasema, "Umemzika mama yangu mara ya pili."

Nilikaa chini kwenye udongo. Yeye naye akakaa. Baadaye akaniuliza, pole pole, kama anauliza habari ya mtu mwingine, "Kile nilichokuteremshia mimi. Kilikuwa kipi?"

Nikamwonyesha kisigino.

Alikiinamia akakitazama. Halafu akainuka, akachukua jembe, akalifukia shimo mwenyewe, akalishindilia kwa miguu, kama ulivyokuwa unafanya ukishachimba mzizi ili mti usife. Kisha akaenda mlangoni akaanza kufuta "Dawa ya tumbo" kwenye kibao kwa jiwe, na kwa Kiingereza pia. Neno la Kiingereza halikutoka vizuri. Bado linaonekana kidogo.

Sasa mtaani nina jina. Watoto wa Chemchem wananiita Daktari Sijui. Nikienda kisimani wananifuata: "Daktari Sijui, kichwa kinaniuma!" "Daktari Sijui, kaka yangu hana akili, una dawa?" Nainamisha uso napita. Lakini jana Zuhura mwenyewe alikuja, anatembea, amemshika mama yake kanga. Alinipa kitumbua kilichoumwa upande mmoja. Akasema, "Shikamoo Daktari Sijui," kwa heshima kabisa, yeye anadhani ndilo jina langu. Mama yake akamfinya, halafu akaja akalala mkekani ili Mama amchue mgongo. Amerudi, Bibi. Sikutegemea.

Likizo ijayo Mjomba atanipeleka kwa garimoshi mpaka Usinge, kwa mdogo wako Bibi Nyamizi. Bibi huyo amesema atanipitisha porini tuanze upya, mti kwa mti, na kila mzizi nitauchimba mimi kwa mkono wangu. Naogopa kwenda. Naogopa nitachimba usio wenyewe. Naogopa masista wakijua nitaambiwa nini. Naogopa kwamba umenikasirikia, na hili ndilo kubwa, kwa sababu hasira ya wengine wote naweza kuikimbia.

Ila kama hujanikasirikia, sikiliza ninavyokuahidi. Sitakuwa jasiri, hilo siwezi kuahidi. Nitaonja kwanza. Kila dawa, mbele ya mwenyewe, hata iwe chungu. Na siku midomo yangu itakapokataa kufunguka, sitailazimisha, wala sitaona haya. Nitaweka kata chini na nitasema lile jina walilonipa.

Kisigino kimepona. Kovu lipo.

Pumzika, mke mwenzangu. Kuku wako nimempa maji.

Mimi, wa jina lako,
Kalunde