Mkono wa Injini

Jumamosi, 18 Septemba 1993. Kasulu

Leo natimiza miaka ishirini na moja, miezi minne na siku moja nje ya kwetu. Nimehesabu mara mbili. Nilivuka mpaka wa Manyovu Jumatano, 17 Mei 1972, kwa Pijo hii hii ya shule, pikapu ya kijivu yenye usukani kushoto, dada yangu Immakulata pembeni yangu na gunia la maharage miguuni mwake.

Sasa tunaitwa. Uchaguzi wa kule kwetu umepita salama, redio inawataja walio nje kila asubuhi, na jana karani wa kuandikisha wanaorudi alitupa siku: msafara wa Jumamosi, 16 Oktoba. Wenye magari waende nayo. Wiki nne kamili.

Immakulata ameshaanza kugawa kuku. Anaimba uani, majirani wanachungulia — mwanamke wa miaka hamsini na tano! Mimi nimekwenda kufungua boneti.

Injini inayumba. Ukiachia klachi inainuka ubavu mmoja, kama mtu anayetaka kutoka kikaoni. Bomba la moshi linagonga chesisi, gia ya pili inachomoka. Raba zinazokaliwa na injini zimekwisha, na za Pijo ya umri huu hazipo hapa wala Kigoma. Siwezi kumpandisha dada yangu milima ya Manyovu kwa gari la namna hii. Hilo ndilo nililomwambia.

Jumatatu, 20 Septemba

Ndayisaba kaja. Fundi, mtu wa Bujumbura, alivuka miaka miwili iliyopita. Kiswahili chake bado cha kuokoteza, lakini mikono yake haina shida ya lugha. Ameitikisa injini, akasema tuipe mkono. Yaani chuma kimoja: ncha moja ifungwe kwenye injini, ncha nyingine kwenye bodi, ikitaka kuyumba ishikwe. Ila kila ncha iwe na silambloki, ule mpira mnene ambao mafundi wa huku wanauita bushi. Bila mpira injini itatulia kweli, lakini gari zima litatetemeka badala yake.

Mtikisiko haupotei, muzehe, amesema. Unahama tu.

Maelezo mazuri. Ningempa tisa kwa kumi.

Chuma kipo. Mpira hakuna. Wanasema Kibondo kuna Hilali, anachinja malori mabovu na kuuza vipuri.

Jumatano, 22 Septemba. Kibondo

Nimekuja na Saidi, dereva wa idara ya maji, mtu wa Tanga, mwongo wa kupendeza. Njia nzima ananitania. Mzee wangu, ukifika kwenu utaongea na nani Kiswahili kizuri kama hiki? Nikamjibu hata hapa sijampata wa kuongea naye. Akacheka mpaka akakosa shimo moja na kuingia lingine.

Hilali hayupo, yuko msibani. Saidi anageuza leo. Nimempa ujumbe kwa Ndayisaba: asubiri. Asikaze chochote mpaka nije. Saidi akasema, neno moja tu mzee, nitalifikisha bila kumwaga.

Ijumaa, 24 Septemba. Kibondo

Hilali karudi. Bushi zipo, lakini zimo ndani ya lori ambalo bado hajalichinja. Ameahidi kumpa Saidi zikitoka. Naondoka kesho alfajiri, mikono mitupu.

Mtu mmoja hapa kaniuliza kama nina furaha ya kurudi. Nikamweleza habari za gia ya pili.

Jumamosi, 25 Septemba. Kasulu

Mkono umefungwa! Umechomelewa vizuri, umekazwa — chuma kwa chuma. Penye nafasi ya mipira amejaza vipande vya bomba.

Sikukuambia usubiri? Ndayisaba akanitazama kwa uchungu wa mtu aliyetii. Eh, muzehe, ndiyo maana! Nilikuwa nimekifunga cha kujaribu tu. Saidi kaja, kasema mzee anasema subiri. Nikasubira: nikafungua, nikafunga upya kwa nguvu. Kesho yake Saidi akapita, akauliza dirishani, unasubiri? Nikamwambia ndiyo, nasubira! Spana mkononi. Akanisifu, akaenda zake. Nikafungua tena, nikakaza tena.

Immakulata amecheka mpaka akaketi chini. Kwetu gusubira ni kurudi, tena ni kurudia, kufanya upya. Huku kusubiri ni kukaa. Nimefundisha sarufi miaka kumi na miwili na sijawahi kuyaweka maneno hayo mawili ubavu kwa ubavu. Miaka ishirini na moja nimesubiri ili nisubire. Nilitaka kumwambia Immakulata, lakini kicheko changu kilikuwa kimeshakatika.

Jumapili, 26 Septemba

Baada ya ibada tumelijaribu gari njia ya Manyovu. Injini haiyumbi kabisa. Gia ya pili imekaa. Lakini mtetemo! Usukani unawasha viganja. Immakulata alishika meno yake ya bandia. Na kioo cha mlango wa kulia kinalia — si kwenye mwendo. Gari likisimama, injini ikinguruma chini chini. Trrrr. Mfululizo, sauti ndogo.

Nikazima katikati ya njia. Kuna nini, Musaza? akauliza Immakulata; kwetu ndivyo dada amwitavyo kaka yake. Nikasema rejeta imechemka.

Haikuchemka. Saa nne asubuhi, tumetoka kanisani, nimemdanganya dada yangu.

Jumanne, 28 Septemba

Nimepima. Kioo kinalia injini ikiwa chini kabisa. Ukikanyaga mafuta kidogo kinanyamaza. Nimekibana kwa gazeti: kinalia. Kwa kijiti: kinalia kwa sauti nyingine. Ndayisaba anasema basi atoe chuma mpaka mpira uje. Nimemkataza.

Kwa nini nimemkataza? Nakaa ndani ya gari lililosimama, nasikiliza, nazima. Nawasha tena. Immakulata amenikuta leo mara mbili. Unamaliza petroli bure, amesema.

Alhamisi, 30 Septemba

Gharibu, muuza vitenge wa Manyovu, ameleta salamu za kilimani kwetu, ng'ambo ya mpaka. Amezibeba kama mzigo wa mtu, hajui kilichomo. Ernesta, mama yake Longinus, yu hai. Amesikia mwalimu anarudi. Anasema hana ugomvi. Anataka tu mwalimu aje alitaje jina la Longinus kama alivyolitaja siku ile, alisikie.

Longinus ni nani, mwalimu? — Gharibu.

Mwanafunzi, nikasema.

Leo sitaandika zaidi.

Jumapili, 3 Oktoba

Sikwenda kanisani. Naandika.

Jumatatu, 15 Mei 1972, saa mbili na robo asubuhi. Darasa la juu. Lori la jeshi lilisimama nje na injini haikuzimwa. Vioo vya madirisha vililia. Trrrr. Aliyeingia alikuwa na adabu, alivua kofia. Alisema anataka darasa zima, mmoja mmoja, nisome daftari la mahudhurio. Nikasoma. Hakunielekezea bunduki. Nilisoma kwa mpangilio, kwa sauti nzuri, kama kila Jumatatu. Na wao, kila mmoja, walisimama wakajibu «présent», yaani nipo, kama nilivyowafundisha, wakatoka mlangoni, wakapanda lori. Ishirini na sita. Longinus alikuwa wa kumi na saba. Alikuwa na mafua, sauti haikutoka vizuri. Nikamwambia — mimi! — ajibu kwa sauti.

Akajibu kwa sauti.

Ningeweza kuruka jina. Hata moja. Ningeweza kusema fulani hayupo leo, ni mgonjwa. Yule bwana hakuwa na daftari, nilikuwa nalo mimi. Wazo hilo lilinijia lori lilipokuwa limeshaondoka na vioo vimenyamaza.

Keshokutwa yake nikavuka, kwa gari la shule.

Jumatano, 6 Oktoba

Bushi zimefika! Saidi kazileta zimefungwa kwa kitambaa kama mayai. Haya mzee, msisubiri tena — au msubiri, mimi sijui, lugha yenu imenishinda! Habari za kosa lake zimezunguka mji mzima. Wauza maharage sokoni wanamwita Bwana Subira. Anajidai amekasirika.

Ni za lori, nene mno. Ndayisaba amekaa chini anazichonga kwa kisu na maji ya sabuni. Nimemshikia taa ya mkono chini ya boneti, mchana mweupe, maana kwa ndani haoni.

Ijumaa, 8 Oktoba

Kimya.

Mkono uko mahali pake, mpira kila ncha. Injini inajongea kidogo tu, inashikwa, inarudi. Usukani umetulia. Nimeweka kikombe cha chai juu ya dashibodi: chai imetikisika ukingoni tu. Kioo hakilii. Nimeshusha injini hadi karibu kuzima — hakilii.

Ndayisaba alipangusa mikono akasubiri sifa. Nikasema kumi kwa kumi. Kisha nikamwambia nasikia kitu kwenye gia boksi. Akalala chini ya gari nusu saa. Muzehe, hakuna kitu.

Immakulata alikuwa amesimama na beseni kiunoni. Gari limepona, Musaza, akasema. Sasa nani anatetemeka?

Jumanne, 12 Oktoba

Immakulata ameuza akiba yake yote ya maharage. Amefunga vyombo, magodoro, picha ya marehemu mumewe. Mimi nimepanga vitabu, nimevipangua, nimevipanga.

Nimemwambia asubuhi. Nilianza na gia boksi, nikaishia kwa Longinus. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa jibu lake. Aliendelea kufunga fundo. Nilikuwa jikoni kwa masista, nyuma ya darasa lako, siku ile, akasema, napeleka kuni. Dirisha lilikuwa wazi. Nilisikia sauti yako yote, na zao.

Miaka ishirini na moja ananipakulia chakula na anajua!

Mbona hukusema? — Ulikuwa hujaniambia.

Kisha akaacha fundo. Ernesta hataki kukuhukumu. Anataka jina. Yule mtoto hana kaburi, hana hata shati lililobaki. Kuna sauti yako tu. Njoo, Musaza. Usubire.

Alisema kwa lugha yetu, na kwa lugha yetu neno ni hilo moja. Kiswahili kimenizoesha kuamini kwamba kurudi ni jambo moja na kurudia ni jambo jingine. Immakulata hana anasa hiyo. Kwake nikifika kilimani nimefika mlangoni mwa darasa, daftari mkononi.

Alhamisi, 14 Oktoba

Nimejaribu. Niko ndani ya gari, injini chini, mpira unafanya kazi yake, kimya kizuri. Nikaanza kwa sauti, jina la kwanza. La pili. Nimefika la kumi na sita.

Nimewaandika wote kwenye karatasi, kwa mpangilio wa daftari. Ishirini na sita. Sikusahau hata mmoja, wala jina la baba.

Ndayisaba amekubali kuendesha hadi kilimani, kisha gari lirudi kwa wenyewe, shuleni. Yeye atarejea huku kwa miguu na lifti. Hakuuliza kwa nini mimi nisiendeshe.

Jumamosi, 16 Oktoba. Asubuhi

Saa moja kasoro. Msafara unapangwa barabarani. Nimempa Immakulata karatasi. Ameisoma yote, ameweka kidole kwenye kumi na saba, akaikunja, akaiweka kifuani. Karatasi haina sauti, amesema. Hakusema kwa ukali.

Sanduku langu lipo nyuma ya pikapu. Alilipakia yeye, sikumzuia. Nimeingia ndani nikidai nimesahau miwani. Miwani ninayo usoni.

Kutoka hapa mezani naliona gari. Ndayisaba kwenye usukani, Immakulata amekaa kulia, ameacha nafasi katikati, kiganja kimoja kwenye kioo. Injini inanguruma chini kabisa. Nasikiliza. Kioo hakilii.

Honi. Mara moja, fupi. Dada yangu anasubiri.

Sitarudi kwetu.