Kamba Zije Nilipokaa

Chumba cha Juu,
Nyuma ya Karakana ya Boti.
Jumapili, mchana.

Mpendwa Kaka,

Nisamehe. Barua yako imelala chini ya mto wa mtoto tangu alipokuwa hana jino, na sasa ananing'ata. Sikukusahau. Kila nikishika kalamu, mtu mmoja humu ndani hulia, na si mara zote ni mtoto.

U hali gani? Mgongo wako je, na kikohozi cha wifi kimepoa? Sisi wazima, ila usingizi ndio haba. Mpwa wako anatambaa, na chochote akikutacho sakafuni hukipima kwa ulimi.

Ile mashua kuukuu ya marehemu baba mkwe imeshazibwa matundu na kupakwa rangi. Baba mtoto amepata kazi ya useremala ng'ambo ya pili, na nia yetu ni kuhama nayo, tuishi humo humo. Shida ni kwamba iliundwa kwa watu wanne wa kuvuta kamba. Sisi tuko wawili, na mmoja wetu daima ana mtoto mkononi. Ilibidi kamba zipangwe upya, mtu mmoja aimudu peke yake mwenzake akiwa ananyonyesha au amelala.

Hapo ndipo alipojitokeza shemeji, kaka yake baba mtoto. Unamkumbuka, yule aliyekaa na miwani ya jua ukumbini siku ya harusi yetu. Siku hizi anajiita Kapteni. Ameendesha chombo gani, hatujui. Kofia anayo.

Kapteni akafunga kila kamba chini ya mlingoti, kwa mafundo mazuri kama ya zawadi. Nikamuuliza, "Shemeji, aliyeshika usukani huku nyuma atashushaje tanga?"

"Atamwita mtu."

"Mtu gani?"

"Mama, tuachie kazi. Kalishe mtoto."

Kaka, huyu anatengeneza mashua ya watu wawili, na dawa yake ni kumwita wa tatu.

Tulipoijaribu, upepo ukazidi kidogo tu. Baba mtoto akaacha usukani, akakimbilia kamba mbele. Mashua ikabaki haina mwenyewe, ikageuka, boriti ya tanga ikapita juu ya vichwa vyetu na kuondoka na kofia ya Kapteni. Sikucheka. Nilikuwa nimemfunika mtoto kwa kifua changu. Unajua alisemaje, kichwa wazi? "Mnaona? Hii si mashua ya wanawake na watoto." Eti yeye na mdogo wake waivushe, mimi na mtoto tubaki hapa mpaka mambo yatengemae. Baba mtoto akainama kukunja tanga. Kule kuinama kuliniuma kuliko maneno ya yule mwingine, ambayo ni upepo usiojaza hata leso.

Nilimwambia mume wangu taratibu, maana nampenda, "Mimi sikuolewa na barua. Hatubaki."

Akasema, "Basi nionyeshe."

Nikambeba mtoto mgongoni, nikakaa penye usukani, nikanyoosha mkono. Vidole vilipofika, nikachora chaki. Kila kamba lazima iishie ndani ya chaki ile. Nikafungua mafundo ya Kapteni, yaliyogoma nikayakata, nikazirudisha kamba nyuma kwa kuzipitisha kwenye roda, vile vigurudumu vya kamba. Ncha nikazishonea nyuzi: nyekundu ya tanga la mbele, njano ya tanga kubwa. Kapteni alikaa gatini akigawa ushauri. Akaniita fundi cherehani. Nikamjibu, "Ndiyo, shemeji. Sisi hupima mwili kwanza, ndipo tukate."

Jana baba mtoto alinipa usukani, akakunja mikono. Nyekundu ikashuka vizuri, nami nimempakata mtoto. Njano ikakwama. Roda za zamani zina koo jembamba, na kamba ikilowa huvimba. Hapo nilikosea mimi, niliijaribu ikiwa kavu. Kapteni akapiga makofi. Baba mtoto akaishika ile kamba, akamwambia, "Kaka, hii ikipita, tunakwenda sisi watatu. Wewe utatupungia." Hajawahi kumjibu hivyo tangu azaliwe. Kapteni akakumbuka ana shughuli.

Sasa nakutegemea wewe uliye kwenye duka la vifaa vya meli. Usinitumie ushauri, ninao wa kumwaga.

Nisalimie wifi, shangazi na mama mdogo. Mungu awape riziki na usingizi, hasa usingizi.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata nisipoandika.

Vya kutuma:

Roda nne, koo la kupita kidole gumba changu, si chako.
Kamba isiyovimba, unene wa penseli, mita ishirini na tano.
Vibanio viwili vya kamba vyenye meno, vya kufungwa kwa mkono mmoja, na skrubu zake zisizoshika kutu.
Jaketi la kuelea la mtoto wa kilo tisa, lenye mkanda wa kupita katikati ya miguu na mpini mgongoni. Boksi likijaa, punguza kamba, hili lisikose.
Majaketi ya watu wazima tunayo mawili. La tatu halihitajiki.