Uliandika Hana Kinga

Moshi, 3 Agosto 2024

Dada Mwanabaraka,

Asalaam aleikum. Mimi mzima, baridi tu ya huku ndiyo inanitesa. Shemeji Sadallah hajambo? Na mpwa wangu Hemedy, masikio yanaendeleaje?

Majibu ya damu yake yametoka, nimeyasimamia mwenyewe hapa maabara ninapofanya kazi. Tatizo lake ni ukosefu wa kinga mwilini. Ndiyo maana miaka yote mitatu ni nimonia, usaha, nimonia tena. Dawa ipo: kila mwezi atundikiwe dripu ya kinga. Nimeshaongea na daktari Dar, mpeleke wiki hii. Simu yako haipatikani, kwa hiyo barua hii inapitia basi la Kibiti, halafu kwa Mrisho wa boti ya huko Mbwera.

Mdogo wako,
Nassibu

Kibiti, 24 Agosto 2024

Nassibu,

Waaleikum salaam. Mimi si mzima, na habari za shemeji yako usiniulize, kwa sababu si shemeji yako tena.

Mrisho barua alimkabidhi Sadallah. Akaisoma kwa sauti, mama yake yupo, mawifi wapo. Alipofika kwenye "ukosefu wa kinga mwilini" akaacha kusoma. Hivi wewe, msomi mzima, hujui maneno hayo Mbwera yana maana gani? Ni UKIMWI! Akanipa talaka palepale, hata eda hakuniacha nikae kwake.

Niko kwa mamdogo Zuena. Nimepima, sina. Karatasi nimeipeleka, Sadallah kasema siku hizi karatasi zinanunuliwa. Hemedy wamemzuia. Dripu hawataki kuisikia, eti hawampi mtoto dawa za aibu. Mrisho kaniambia juzi anakohoa tena. Ulikosa neno lingine, Nassibu? Kiswahili chote hiki?

Dada yako

Moshi, 30 Agosto 2024

Dada yangu,

Salamu, na unisamehe. Nimejitukana mpaka nimechoka. Na huyo Sadallah, angekuwa karibu ningemtandika.

Wasomee haya. Huu si UKIMWI na hauambukizi. Ndani ya mifupa yetu huzaliwa chembe ziitwazo seli B, ndizo zinazotengeneza kinga. Zinazaliwa changa. Kila hatua ya kukua zinahitaji ujumbe, vitu vidogo sana ambavyo chembe za jirani huzipelekea kuziambia zisonge mbele. Za Hemedy ujumbe hauzifikii ndani, basi zinafia njiani. Miezi sita ya mwanzo alikuwa mzima kwa sababu alitumia kinga uliyompa wewe tumboni. Ilipoisha, hakuwa na yake.

Liko jambo nililiacha makusudi. Ugonjwa huu huwapata wavulana na hupitia kwa mama. Kaka zetu, Saidy na Haruna, waliokufa wadogo, nadhani ni huohuo. Mimi sikuurithi, ni bahati tu. Niliogopa kuandika wasije wakakuacha. Kipande hiki kikate ukiona vyema.

Mdogo wako,
Nassibu

Dar es Salaam, wodini, 12 Septemba 2024

Nassibu,

Waaleikum salaam. Sikukata kitu.

Nilikwenda Mbwera nikasimama uani kwao, nikaisoma mwenyewe tangu salamu mpaka jina lako. Nilipofika pale pa kupitia kwa mama, mama mkwe akapiga makofi. "Si niliwaambia? Umetoka kwake!" Nikamwambia ndiyo, umetoka kwangu. Na ile miezi sita aliyokuwa mzima, nayo ilitoka kwangu. Nyinyi mmempa nini? Hemedy alikuwa mkekani anahema mbavu zinaingia ndani, sikio linachuruzika, nzi wamelijaa. Nikambeba. Sadallah akanikamata mkono, nikamng'ata. Wakikuuliza, waambie ni kweli.

Leo katundikiwa dripu ya kwanza. Niliuliza ile chupa inatoka wapi, nikaambiwa kwenye damu za maelfu ya watu waliojitolea. Watu wasiomjua hata jina! Baba yake mzazi alishindwa kumpandisha boti.

Daktari anasema kifua kitapona. Sikio la kushoto limekufa. Angeletwa siku ile ulipoandika, lingekuwa zima.

Sadallah katuma salamu, anataka kunirejea kabla eda haijaisha. Mwambie asithubutu kukanyaga hapa. Na wewe nitakusamehe, Nassibu, ila bado. Nimemnong'oneza Hemedy jina lake upande wa kushoto mara tatu leo, hageuki.

Dada yako,
Mwanabaraka