Chai ya Mama na Vipande Kumi na Viwili

Lori imeondoka na mashine sasa hivi, Bosibori, na mimi nimebaki kwa karakana na ufagio. Nisamehe dada yangu, nimetanguliza habari mbele ya salamu. Mko aje? Kifua ya Mama imepoa? Mahindi imefika wapi? Mimi mwili iko sawa. Hii barua Moureen jirani atakuletea mkononi, kwa sababu simu yako inapiga kelele na Mama angesikia. Usimsomee.

Unajua vile mashine za kuchuna majani chai zilinitoa kwa estate, na Injinia Wanjuhi akanichukua hapa Silibwet bila kuuliza cheti. Kazi yake ilikuwa kuchoma vipande vyembamba vya silikoni, vile vya kutengeneza sola. Alituambia viwanda vya huko nje vinatumia tanuri, inawaka masaa mengi, inapasha moto mpaka ukuta, stima inaenda bure. Yeye alitaka maikrowevu: moto inashika silikoni yenyewe, dakika chache, basi. Alisema ikikubali, sola zitatengenezwa hapa hapa, na mimi na Zack ndio tutafundisha wengine.

Zack ni Mkipsigis wa Ndanai, mdomo yake haina breki. Alikuwa ananiuliza kama kwetu Kisii maneno inauzwa kwa kilo, ndio nabana yangu hivi.

Sheria ilikuwa moja tu: chakula isikaribie hiyo mashine. Uchafu kidogo ikipata huo moto inaingia ndani ya silikoni, na sola inakosa nguvu.

Wiki mbili zimepita, wageni wanaotoa pesa ya hiyo kazi walikuja kujionea. Vipande vilikuwa vimebaki kumi na viwili, Wanjuhi anavibeba kama mayai. Vikachomwa mbele yao, vikapimwa, vyote vikakataa. Mgeni mmoja akasema pole pole ati pengine hii kitu ni ya maabara kubwa, sio ya Silibwet. Wakaenda, hata chakula hawakugusa.

Wanjuhi akapitisha kitambaa nyeupe kwa kona ya mashine, ikatoka na mafuta ya manjano. Siku hiyo ilikuwa zamu ya Zack kusafisha. Zack akaapa alisafisha. Wanjuhi akamwambia mafuta haioti kama uyoga, achukue vitu vyake aende. Zack akanigeukia, akasema leo hata mimi naweza kufungua mdomo, niseme nilimwona akisafisha. Nilimwona, Bosibori. Nikaangalia viatu yangu.

Ni mimi. Asubuhi ya siku hiyo ndio Mama alikuja kuniona, mvua imemnyeshea kutoka stage ya matatu. Wanjuhi alikuwa ameenda Bomet kupokea wageni, Zack ameshamaliza kusafisha, ametoka. Kwa thamosi kulikuwa na chai imepoa, na Mama anatetemeka mpaka meno inagongana. Mama mzazi atoke kwangu bila chai moto? Nikaweka kikombe ndani ya mashine. Maziwa ikapanda, ikaruka. Nikapanguza na mkono wa sweta, nikaona imetakata. Ile chai anasifu kanisani, ati kijana wake alimpashia kwa dakika moja bila moshi, ndio hiyo.

Nimeenda kumwambia Wanjuhi mara mbili. Nikifika mlangoni nauliza kama nifagie. Na hata nikisema, mashine imerudishwa kwa wenyewe, silikoni imeisha, kesho anafunga. Hakuna kitu itarudi. Mimi mwenyewe sijui nitaenda wapi.

Lakini Zack ameomba kazi kwa kiwanda moja ya chai Kericho, na leo saa nne watampigia Wanjuhi simu waulize kama huyo ni mtu wa kuaminika. Jana nilimsikia Wanjuhi akisema hawezi kudanganya watu kwa sababu ya huruma.

Salimia watoto. Mama umwambie tu nipo. Ni saa nne kasoro dakika kumi, Wanjuhi yuko ofisini peke yake. Wacha niende, hiyo simu isilie kabla sijafika.

Ndugu yako,
Obure