Mitamba Saba, Majina Matatu

Mikumi, Kilosa
14 Juni 2016

Mpendwa kaka yangu Lomayani,

Shikamoo kaka. Barua hii ikukute umefunga vifungo vyote vya koti, maana nasikia baridi ya Tunduma mwezi huu haina adabu. Kifua kinaendeleaje? Na ule mguu ulioangukiwa na gunia hapo ghalani unakolinda, umeacha kuuma? Sisi huku wazima. Mama anakula, analala na anagomba, kwa hiyo ni mzima kabisa.

Kaka, kabla ya yote nikupe habari ya mdogo wako. Kati ya Mikumi na Kilosa hajazaliwa mtu mwenye bahati kama mimi. Matapeli wa mtandaoni wamewala walimu, wamemla mpaka mchungaji mmoja wa kanisa kule Masanze, lakini mimi Isaya niliyeishia darasa la sita wamenikosa kwa upana wa ukucha. Hela ya maksai wako ilikuwa inatoka, kidole kiko juu ya kitufe, ikarudi mfukoni. Bahati ya namna hii haifundishwi shuleni, ndiyo maana sikukawia huko.

Utashangaa kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Nina mwandiko mzuri, kaka, ni dhambi kuuficha.

Nianzie mwanzo. Uliponiagiza nimuuze maksai wako mwekundu nikununulie mitamba, ili ukiacha ulinzi urudi kwenye boma lenye maziwa, sikutaka kuzunguka minadani nikimeza vumbi. Mimi mtu wa kisasa, nina simu ya kupangusa. Nikaingia kwenye kundi la wauza mifugo, nikawakuta: mitamba saba, shambani Kidete, kando ya Mto Mkondoa, kwa bei ya kuona haya. Ndiyo ile picha niliyokurushia, ukaniambia mwisho wa mwezi utatuma hela ya lori.

Sikufichi, picha ile ilinilevya. Asubuhi ukungu ukiwa bado umelala kwenye mbuga ya Mkata, tembo wanapita ndani yake kama vilima vinavyohama, mimi nachunga huku nimeinamia simu. Mitamba wako walisimama kwenye majani ya magotini, mabichi, utadhani mvua ilikuwa imewanyeshea wao peke yao. Nikiinua macho naona wangu wenye mbavu; nikiyashusha naona wako. Mara nyingine nilihisi kwamba nikiinamisha simu kidogo tu watateremka mmoja mmoja, wachanganyike na wangu, na wewe nyuma yao na fimbo begani, umerudi nyumbani.

Nalepo mke wangu akaniuliza, "Baba Sempele, umeoa simu?"

Nikamjibu nimeoa saba.

Mchana mmoja nikampa mama aangalie. Unajua sisi ng'ombe hatuwahesabu. Mama humpa kila mmoja jina kwa rangi yake, na akishampa hamsahau mpaka afe. Akakaa mlangoni, akaishika simu kwa mikono miwili kama kibuyu kilichojaa, akaanza kuwataja. Mweusi akamwita Wingu. Mwenye madoa akamwita Kanga. Mwenye shingo nyeupe akamwita Mvaa Shanga. Alikuwa anatabasamu, anapanga nani atamkamua nani. Alipofika kwa wa nne akaisogeza simu karibu na macho.

"Huyu nimeshampa jina."

"Mama, huyo ni mwingine."

"Huyu ni Wingu."

"Basi ni pacha wake."

"Pacha wake naye amemeguka pembe ile ile? Na huyu yangeyange mgongoni, naye ana pacha? Wote wawili wameinua mguu?"

Nikamnyang'anya simu. Kweli kaka, ndege mweupe yule yule, mguu ule ule umekunjwa, amesimama kwenye migongo miwili kwa wakati mmoja. Mama akaendelea bila kunitazama. Wa tano, Kanga. Wa sita, Mvaa Shanga. Wa saba ni Wingu tena, ndege amefutwa, naye amegeuzwa atazame upande wa pili.

"Mwanangu," akasema, "hawa wengine ni mwangwi."

Nikakimbilia kwa Filipo, fundi simu wa pale stendi. Akaikuza picha mpaka nyasi zikawa kama vigae, akaangua kicheko. "Mjanja wa Mikumi, ni nchi gani hii yenye majua mawili?" Nikatazama. Vivuli vya wengine vinaelekea kulia, vya wengine kushoto. Na kuzunguka migongo kuna utepe mwembamba, kama kiraka kilichoshonwa haraka haraka. Akanishauri nimwombe muuzaji picha mpya: mtamba mmoja, na mtu pembeni yake ameshika jani la muwa.

Baada ya saa mbili ikaja. Wingu yupo, na mtu yupo na jani lake. Lakini mtu mwenyewe amesimama juu ya nyasi, na nyasi hazikulala. Kivuli hana. Nilipomwonyesha mama alimtazama kwa muda mrefu, kwa huruma kabisa, akasema, "Huyu hana uzito. Mwacheni apepee."

Kwa hiyo kaka, hela ya lori usitume. Hata akikupigia mtu mwenye sauti ya upole, akakwambia mitamba wanalia njaa barabarani, usitume. Na siku nyingine ukiona picha tamu, ya ng'ombe au ya kiwanja, itazame kama mama: kila kitu kipe jina, uone kama majina yatatosha.

Wiki iliyopita nilikuwa Kilosa kwa mambo yangu, nikafika mpaka Kidete, kutembea tu. Nilikaa kando ya reli. Mto rangi ya chai, mahindi yamekauka, treni ya mizigo ikapita polepole mno, mpaka nikadhani ni mimi ninayeondoka. Shamba la ng'ombe kama lile halijulikani na mtu. Niliuliza mpaka watoto.

Mama bado anawataja wale watatu jioni anapokamua. Anasema mahali fulani wapo kweli, Wingu na Kanga na Mvaa Shanga, wanakula majani yao, hawajui kwamba waliuzwa.

Jambo lingine. Yule mtamba wangu wa kijivu, mwenye mimba, kuanzia leo ni wako. Nimeshamwekea alama yako sikioni. Usiniulize sababu, nimeamka tu na moyo mkubwa.

Msalimie sana shemeji Magdalena na watoto wote. Nalepo anakusalimu, Sempele anasema shikamoo baba mkubwa. Mama yetu Nairesiae amekubariki kwa kuitemea mate karatasi hii, ndilo hilo doa unaloliona pembeni, usidhani ni chai. Mungu akupe kifua chepesi na njia fupi ya kurudi.

Wako akupendaye, hata ukinikasirikia,

Isaya

Kaka, nilikuwa nimeshaikunja. Mama amenikataza kumpa kondakta wa basi barua hii ilivyo. Hela niliituma asubuhi ile, yote, kabla sijampa yeye simu. Kidete nilikwenda kumtafuta yule mtu. Sikukupigia kwa sababu ungesikia sauti yangu ukajua. Ile bahati niliyokuandikia ni uongo. Nimepigwa, na maksai alikuwa wako.