Godoro Lako Ndani ya Boti

Baba,

Wiki tatu tangu tukuzike, na bado nasikia ukikohoa nyuma ya cherehani. Lakini cha juzi ndicho kimenimaliza kabisa.

Mvua ilijaa ndani ya boti yako, ile uliyomtengenezea Mama, hapa karakana yetu ya makochi mtaani Satellite. Nikayachota maji yote, lakini kiti cha nyuma kikaendelea kuchuruzika. Nikakibandua. Baba, ni godoro lako! Lile la maua ya samawati. Umelikata vipande, ukavifunga kwa nailoni na kuvijaza chini ya viti ili boti isizame. Kumbe ndiyo maana ulilala mkekani miezi ile yote. Nilipokuuliza ulinijibu, "Mgongo yangu imezoea chini, wachana nayo." Nami nikaamini.

Nikavuta kipande kimoja, kizito kama mtoto aliyelala, maji yakanimwagikia miguuni. Miaka yote hii tunawatengenezea watu wa Kileleshwa makochi, sisi ndio wa kusahau kwamba sponji hunywa maji? Hukusahau, ndiyo maana ukaweka nailoni. Halafu tukaikaza kwa misumari midogo ya makochi, safu safi, vile tulivyozoea. Kila msumari tundu la kupitisha maji. Na upande wa kulia niliupiga mimi, bila kujua umefunga nini ndani, wewe ukinishikia na kusema, "Piga tu, fundi wangu. Kitu ikishikwa vizuri haitoki."

Mama hajui kuogelea. Jumamosi lori lingempelekea boti nyumbani, avuke nayo ziwa kwenda sokoni. Niliketi kwenye vumbi la mbao nikalia. Nilikukasirikia sana, Baba, na nilitamani uingie mlangoni nikugombeze.

Jana nilishuka mjini, maduka ya televisheni yakanipa zile foma nyeupe ngumu zinazoikinga televisheni ndani ya boksi. Kipande kimoja nilikizamisha kwenye pipa kwa jiwe hadi leo asubuhi, nikakikata: kikavu ndani. Nimezibana zote chini ya viti kwa mbao. Misumari nimeing'oa, yako na yangu.

Naahidi hivi: Mama hatakanyaga boti hiyo kabla sijaingia mimi kwanza, pale ufukweni, niijaze maji hadi pomoni nione kama itaelea. Godoro lako limeanikwa juu ya mabati. Likikauka nitamshonea mto wa kukalia, kisha nimweleze lilikotoka.

Pumzika, Baba. Sikujua ulikuwa unalala chini kwa ajili yetu. Lakini sanduku lako la kuzikiwa nililitandika mwenyewe, na nilikuwekea sponji nene kuliko zote tulizokuwa nazo.

Fundi wako,
Akinyi