Ninian Galbraith, Winga wa Auchenbrae Aliyecheza kwa Malipo

Mwaka umetimia, Ninian, tangu kifua kile cha Februari kikuchukue, na mkeo Effie bado anapika uji mwingi kupita kiasi, kisha anatugombeza sisi.

Uji wenyewe uliula umesimama, mgongo kwenye moto, ukisimulia mechi. Viatu vyako vya mpira ulivipaka mafuta ya kondoo mpaka nyumba nzima ikanuka. Jirani yako mjane, Bi Tennant, hakuwahi kubeba makaa yake mwenyewe wewe ukiwapo. "Kaa, mama," ulimwambia. "Miguu yangu imeshakula mshahara, acha na mikono ifanye kazi."

Lakini watu wa Auchenbrae, kijiji chetu cha Uskoti, wanakumbuka zaidi ulivyoondoka. Siku zile kwetu mpira ulichezwa kwa heshima ya kijiji tu. Kulipwa kulikuwa mwiko, na aliyekwenda kulipwa Uingereza aliitwa msaliti. Wakala wa timu moja ya Lancashire, huko Uingereza, alipokuja kukutaka, wachimba makaa walimtosa kwenye dimbwi la mgodini. Baba yako, Mzee Lachlan, ndiye aliyemshika miguu. Asubuhi ukapanda treni na wakala huyohuyo, hata hajakauka vizuri. Mgodi ulikuwa umepunguza kazi, na mama yako alikuwa akilala njaa ili wewe na dada yako Grizel mle. Ungefanyaje?

Kule uliwafundisha kupasiana, maana kila mmoja alikuwa akikimbia na mpira peke yake kama aliyeiba kuku. Walikupenda. Ila timu ya Uskoti ikakufungia mlango kwa kuwa ulilipwa, na hilo lilikuuma. Lililokuuma zaidi ni baba. "Sina mtoto Uingereza," alisema. Mama aliponunua nyama kwa mshahara wako, Mzee akasusa.

"Basi usile," mama akamwambia.

Alikula, Ninian, tena mpaka mfupa.

Goti likaharibika, ukarudi mgodini. Sheria ikabadilika, vijana wetu wakalipwa hapahapa, wala hakuna aliyewaita wasaliti. Mzee hakubadilika. Mlipopishana njiani ulivua kofia, naye akatazama mawingu. "Ataniita tu siku moja," ulimwambia Effie. Ukafa hajakuita, na sisi hilo lilituvunja moyo kuliko kifo chenyewe.

Makaburini hukuona, basi tukuambie. Kwa desturi yetu wanaume waliitwa mmoja mmoja kushika kamba za kukushushia. Ile ya kichwani ni ya baba, lakini Mzee hakuwa amekanyaga msibani, tukampa shemeji yako Rab, mume wa Grizel. Mara tukasikia fimbo ikigonga mawe.

"Toka hapo, Rab."

"Mzee, mikono yako inatetemeka."

"Wacha itetemeke. Kichwani hukaa baba yake."

Akaishika kamba. Wengine walikuwa wakiharakisha kwa sababu ya mvua, akawakemea wote. Kisha akainama, akakuambia wewe, "Taratibu, mwanangu. Taratibu."

Wanaokukumbuka ni baba yako Lachlan, aliyetaka atajwe wa kwanza na hakutaka ubishi, mkeo Effie, binti zako Isobel na Marion, dada yako Grizel na shemeji yako Rab. Mama yako, Mungu amrehemu, tunaamini umeshamkuta.

Ninian, mwana wa Lachlan, hatutakusahau kamwe.